Kijito kilinyooshwa, huku chini tunachota tope. Tuanzie wapi?

Mwana wa Mlimani: Wakuu, salaam. Kijijini kwetu, upande wa Milima ya Uluguru unaomwaga maji Mto Ngerengere, kuna kijito kilichokuwa kinajipindapinda katikati ya matete. Watu wakakinyoosha wapate bustani za mboga, mikuyu ikakatwa. Sasa mvua ikinyesha kingo zinamomonyoka, huku chini tunachota tope, na kiangazi kijito kinakauka. Kamati ya maji imekubali tukirudishe. Tukodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia, tuchimbe upya? Miti gani ipandwe?

Fundi Mfereji: Mkuu, kijiko acheni kwanza. Kijito kikinyooshwa njia inakuwa fupi, maji yanapata kasi, yanachimba chini. Itafuteni njia ya zamani, mara nyingi inabaki kibonde chenye unyevu. Kiangazi pangeni vizuizi vifupi vya mawe mferejini, vya kupunguza kasi tu, si vya kuziba, ili masika maji yapande na kurudi kwenye mapindo yake. Yakishatandaa kwenye matete yanatua tope hapohapo, na mizizi inanyonya mbolea inayotoka bustanini. Matete ndiyo yatakayowasafishia maji, yapeni nafasi.

Bi Shamba: Mikaratusi hapana kabisa, inakunywa sana. Mkuyu unaota hata kwa kipande cha tawi. Ng'ombe nao watengewe sehemu moja ya kunywea, la sivyo watakanyaga kila mnachopanda.

Mwana wa Mlimani: Asanteni. Wenye bustani je? Wengine wanatishia kung'oa miche.

Mzee wa Bonde: Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Lakini mwanangu, msiende na sheria mkononi. Hizo mita 60 ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Kaeni nao, wapande majani ya malisho na mianzi wanayoweza kuuza. Na kabla hamjagusa mkondo, fikeni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro mjini, muombe kibali. Waambieni pia kwamba tope lenu linaishia Bwawa la Mindu, ambako mji wa Morogoro unapata maji. Ni haki mji uchangie miche, ombeni bila aibu.

Bi Shamba: Naunga mkono. Na anzeni juu, karibu na chemchemi. Mkianzia chini, tope la juu litafukia kazi yote masika ya kwanza.