Tupeane uzoefu: msitu mkali mpaka uwanda wa maua

Mtoa mada: Wakuu, nimeona picha ya mtu kasimama katikati ya maua huko juu mlimani, meno yote nje. Ile ya msituni, akiwa kang'ang'ania mizizi kwa mikono miwili, mbona hajaiweka? Mliopita njia hizo, kipi kiliwakomesha?

Goti Bovu: Kupanda unahema, unasimama, unaendelea. Kushuka ndiko kunatoa roho. Vidole vinagonga ncha ya kiatu kila hatua. Kucha ya dole gumba ilinitoka yenyewe kitandani.

Pole Pole: Hapo kwenye kucha nimecheka kwa uchungu.

Mzee wa Fimbo: Fimbo mbili tu, magoti yanapona.

Mikono Mitupu: Kwenye mizizi fimbo zinanasa. Utashika mti kwa meno?

Mzee wa Fimbo: Za kwako hazikunjiki?

Shahidi wa Radi: Acheni fimbo. Mnajua msituni huoni wingu likijikusanya. Tulitokeza uwandani jua linawaka, maua mpaka magotini, ya njano na zambarau, nyuki wanavuma, kila mtu na simu yake. Ghafla nywele za mwenzangu zikainuka. Fimbo zikaanza kulia zzz! Kiongozi akasema neno moja: "Shukeni." Akatutawanya kwenye bonde dogo, kila mtu kachuchumaa peke yake, miguu pamoja. Mvua ya mawe ikalaza maua yote. Radi ilipopiga ukingoni niliisikia kwenye meno. Baadaye vidole vilikufa ganzi, zipu ya koti nikafunguliwa na mtu.

Pole Pole: Mungu wangu!

Mikono Mitupu: Si mngejibanza chini ya mti?

Shahidi wa Radi: Mti uliosimama peke yake uwandani ndio unaopigwa. Bora urudi ndani ya msitu wenye miti ya kimo kimoja. Na ngurumo ikishasikika, radi inaweza kukufikia.

Mikono Mitupu: Mzee, fimbo za chuma hizo hizo?

Mzee wa Fimbo: Radi haifuati chuma, inafuata kilichochomoza. Uwandani umechomoza wewe.

Saa Mkononi: Tokeni alfajiri, basi. Mskoti William Naismith, mpanda milima, aliweka kanuni ya kukadiria muda wa safari mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hakuhesabu wapiga picha za maua.

Goti Bovu: Wala kushuka. Nilijua tu.

Pole Pole: Na kichwa kikigonga huko juu? Mimi nakunywa maji mengi.

Saa Mkononi: Kunywa, ila kama umepita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na kichwa kinazidi kuuma, usipande tena. Shuka.

Mpita Njia: Nimechelewa. Viatu nizidishe namba moja?

Goti Bovu: Zidisha.

Mikono Mitupu: Usizidishe, mguu utateleza ndani. Kaza kamba kifundoni.

Mpita Njia: Nimsikilize nani sasa?

Mzee wa Fimbo: Mwenye kucha.