Nafundisha kinanda nyumba kwa nyumba: nilipie kifurushi gani cha programu ya noti (daftari la kwenye simu, si noti za muziki)?

Kinanda_Begani: Wakuu habari za jioni. Nafundisha kinanda na gitaa hapa Dar, wanafunzi 14, wengi watoto. Zamani nilikuwa na kaunta buku ya kwaya tatu (kwaya ya kurasa, si ya kuimba) mpaka mvua iliponikuta Kigogo ikalowa yote. Nikahamia kwenye programu ya noti ya simu. Kila mwanafunzi ana ukurasa wake: naandika tulipoishia, napiga picha karatasi ya solfa, narekodi dakika 5 za mwisho mzazi asikie. Wiki ya saba tu, nafasi ya bure ya GB 5 imejaa. Sasa wenye programu wanataka dola, kwa mwezi au kwa mwaka. Ya mwaka ina nafuu. Nijilipue?

Fundi_Redio: Subiri kwanza. Wanafunzi 14 mara dakika 5 ni dakika 70 kwa wiki. Kama GB 5 zimeisha wiki saba, kila dakika inakula karibu MB 10. Hiyo ni WAV hiyo, sauti isiyobanwa! Ingia mipangilio ya kinasa sauti, weka MP3 (sauti iliyobanwa) ya 128 kbps, dakika itashuka hadi MB 1 hivi. GB 5 hizo hizo zinakuvusha mwaka.

Ticha_wa_Sauti: Mwalimu mwenzangu, ya mwaka usiiguse. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili shule zikifungwa watoto wanaenda kwa bibi, wewe unalipia kabati tupu. Mimi niko OneNote ya bure (programu ya noti ya Microsoft), daftari moja, kila mtoto sehemu yake. Sauti siweki humo, naweka Google Drive, bure GB 15 (ila unagawana na barua pepe na picha zako), kwenye noti nabandika kiungo. Kiungo mfungulie mzazi wa mtoto huyo peke yake. Sauti ya mtoto wa watu isizagae.

Mzee_wa_Bando: Kwa programu nyingine za noti, Notion ni nzuri kwa macho, ila kwenye ya bure faili moja haizidi MB 5. Evernote ya bure tangu Desemba 2023 ni noti 50 na daftari 1. Noti moja kwa mtoto kwa wiki, mwezi hauishi umegota.

Kijana_wa_Zamani: Rudi kwenye kaunta buku, itie kwenye mfuko wa nailoni.

Fundi_Redio: Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2019 mzee wangu 😂

Kinanda_Begani: Nimeangalia, kweli WAV! Aibu yangu, na sikio ninalo. Silipi kitu. Ticha, shikamoo, hilo la kiungo sikuwahi kuliwaza. Vyangu vyote vilikuwa wazi, nimeshavifunga. Zile za zamani nazigeuza MP3 sasa hivi, nazipandisha bando la usiku likianza.