Sesheni au JWT kwa mfumo wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kahawa, na hifadhidata ilindwe vipi?

Meku_Kodi (Moshi): Wadau, habari za kazi. Natengeneza mfumo wa wavuti wa chama cha msingi cha kahawa huku Kibosho. Makarani wanaingiza kilo za kila mkulima, mhasibu anaandaa malipo, mkulima anaingia kuona mzigo wake tu. Natumia Laravel (kiunzi cha PHP) na hifadhidata ya PostgreSQL. Kwenye kuingia nichague sesheni za seva (seva inatunza rekodi ya aliyeingia) au tokeni za JWT (mtumiaji anabeba mwenyewe hati iliyotiwa sahihi na seva)? Na upande wa hifadhidata, akaunti moja kwa programu nzima inatosha?

Dada_wa_Seva (Arusha): Kaka, jiulize kwanza: karani akiachishwa kazi leo mchana, unataka afungiwe lini? Kwa sesheni unafuta rekodi yake kwenye seva, na akibofya tena anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. JWT haiko hivyo. Seva inahakiki sahihi ya tokeni na muda wake wa kuisha, basi. Haiulizi popote kama mwenye nayo bado ni mfanyakazi. Ukiipa uhai wa siku nzima, atabadilisha kilo siku nzima. Wapo wanaotunza orodha ya tokeni zilizobatilishwa, lakini ukishaisoma orodha hiyo kwa kila ombi umerudi kwenye sesheni kwa kuzunguka. Panapohesabiwa pesa za wakulima mimi sisiti: sesheni, na kuki yenye HttpOnly (JavaScript isiisome), Secure (ipite kwenye HTTPS tu) na SameSite (isitumwe na maombi ya tovuti nyingine).

Njiro_Dev: Nakubaliana na dada kwa sasa. Ila chama kikuu kikitaka mfumo wake usome data hizi, JWT ina kazi: tokeni ya dakika 15, na ya kuihuisha itunzwe kwenye hifadhidata ili uweze kuifuta. Isikae kwenye localStorage (hifadhi ya ndani ya kivinjari), maana JavaScript yoyote ya kigeni ikipenya kwenye ukurasa inaisoma. Halafu JWT ya kawaida imetiwa sahihi tu, haijafichwa. Ukiweka humo namba ya simu ya mkulima, yeyote mwenye tokeni anaiona.

Nywila acha Laravel izihifadhi kwa bcrypt, njia ya kuzigeuza zisisomeke ambayo ni ya polepole kwa makusudi ili kubahatisha kuwe kugumu. MD5, ya zamani na ya haraka mno, usiiguse.

Mzee_wa_SQL (Moshi): Wanangu, wote mmesimama mlangoni. Mwaka 2021 OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, iliweka udhaifu wa kudhibiti ruhusa nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya hatari kumi, juu ya ule wa kuthibitisha utambulisho. Mkulima ameingia kihalali kabisa, kisha kwenye anwani ya ukurasa anabadilisha namba yake 41 kuwa 42 na kuona malipo ya jirani. Hapo sesheni haisaidii, JWT haisaidii.

Meku, akaunti moja haitoshi. Moja imiliki majedwali, itumike wakati wa kubadili muundo tu. Nyingine ndiyo programu iunganishe nayo: isome, iingize, irekebishe panapostahili. Kwenye jedwali la malipo usiipe ruhusa ya DELETE (kufuta) wala UPDATE (kurekebisha). Malipo yakikosewa, yasahihishwe kwa ingizo jipya, la zamani libaki likionekana. Mkulima ana haki ya kujua namba yake ilibadilika lini. Juu ya hapo, PostgreSQL tangu toleo 9.5 ina ulinzi wa mstari kwa mstari: unaandika sera kwamba mkulima anaona mistari yenye namba yake pekee, hata mwandishi wa programu akisahau kuchuja.

Meku_Kodi: Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nimeandika sera hiyo kwenye nakala ya majaribio, lakini programu bado inaleta mistari yote.

Mzee_wa_SQL: Marahaba. Bila shaka unaunganisha kwa akaunti inayomiliki jedwali. Mmiliki hafungwi na sera mpaka uweke FORCE ROW LEVEL SECURITY, na superuser (akaunti yenye mamlaka yote) hafungwi kamwe. Hamia kwenye ile akaunti ya pili. Namba ya mkulima uipitishe kwa SET LOCAL ndani ya muamala, inayofutika muamala ukiisha, si SET tupu, kwa sababu muunganisho ukitumika tena kwa ombi jingine, thamani ya SET inabaki na mkulima anayefuata anaweza kuona mistari ya aliyemtangulia.