Kikundi: Ukoo wa Bibi Nyamizi, Mwanza

Mama Kulwa: Shangazi shikamoo. Wengine habari za asubuhi. Nimetuma sauti, nimemrekodi Baba Kulwa saa nane usiku.

Shangazi Tabu: Marahaba mwanangu. Mbona analala vizuri tu? Mwanamume akichoka lazima akorome.

Masanja: Hiyo si mashine ya kusaga ya Igoma? 😂

Mama Kulwa: Shemeji, sikiliza hapo anaponyamaza. Anakata pumzi kabisa, halafu anashtuka anatweta. Mimi ndiyo silali.

Neema nesi: Wifi, nimesikiliza mara mbili. Kanakonitisha ni hako kaukimya. Akilala, nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inaziba. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, tunahesabu. Ikikatika hivyo mara 30 kwa saa, hali ni mbaya.

Masanja: Si anashtuka anavuta hewa? Yameisha.

Neema nesi: Hayajaisha, yanaishia kwenye moyo. Oksijeni inashuka, mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana, presha inapanda. Usiku kucha hivyo hivyo. Inawezekana ndiyo maana anameza dawa tatu na presha haishuki. Mwisho wake mapigo kwenda ovyo, moyo kuchoka, hata kiharusi. Asubuhi kichwa kinamuuma?

Mama Kulwa: Kila siku. Na usiku haishi kwenda kukojoa, nikadhani sukari. Kapimwa, hana.

Shangazi Tabu: Mpe kidonge cha usingizi.

Neema nesi: Shangazi, thubutu! Kinaweza kulegeza koo zaidi. Na bia za usiku pia.

Baba Kulwa: Mnanijadili na mimi nimo humu. Mimi mzima, nasinzia mchana kwa uchovu tu. Zamani foleni ya kivuko Kigongo nilikuwa naiba kausingizi, sasa kuna daraja unapitiliza hadi Sengerema.

Neema nesi: Kaka, unasinzia kwenye usukani?

Baba Kulwa: Mara mojamoja.

Masanja: Na abiria nyuma? Hapo sicheki tena.

Neema nesi: Omba rufaa uende hospitali ya Bugando. Usiseme presha tu, sema unakata pumzi, na hiyo sauti wasikie. Ikithibitika, kuna mashine inayosukuma hewa kwa barakoa, koo lisizibe. Kwa sasa lala ubavu, usilale chali. Na hicho kitambi kipungue.

Shangazi Tabu: Alale na barakoa? Pole Mama Kulwa 😅

Mama Kulwa: Hata avae helmeti, bora apumue.

Baba Kulwa: Na hesabu ya bosi?

Masanja: Nitaendesha mimi, hesabu nitapeleka. Naja kuchukua funguo.