Barua ya Lancaster 1676: mbona waliomba mikokoteni?

msomaji_usiku
Habari wakuu. Jana nimekesha nasoma vita ya King Philip, wenyeji wa Amerika dhidi ya walowezi wa Kiingereza, kule Massachusetts, enzi hizo koloni la Mwingereza, nikakutana na barua ya Machi 1676, watu wa Lancaster, mji wa walowezi, wanamlilia gavana na baraza lake Boston, mwezi mmoja tu tangu wavamiwe na wenyeji tarehe 10 Februari. Wengi mkate hauwafikishi mwezi, wamebanana kwenye nyumba mbili za ngome wanaziita jela, vilio vya wanawake vinazidi kila siku. Halafu wanaomba walinzi na mikokoteni wahame! Mbona wasiombe jeshi wabaki kwao?

Bi Mwanaidi
Jeshi walishaliomba mdogo wangu. Siku ya uvamizi mchungaji wao Joseph Rowlandson alikuwa hukohuko Boston anaomba askari, anarudi nyumba imeungua, mkewe Mary na watoto wamechukuliwa mateka. Mama wa watu kafiwa na binti wa miaka sita njiani, kaja kukombolewa Mei kwa pauni 20. Ukishaona hayo utangoja jeshi gani tena?

kijana_wa_pwani
Kinachoniuma mimi ni kwamba walionywa. James Quannapohit, mwenyeji Mkristo aliyetumwa kupeleleza, alirudi Januari akasema wazi Lancaster itashambuliwa, hawakumtilia maanani. Mwenzake Job Kattenanit akakatiza theluji akafika Cambridge usiku wa tarehe 9, alfajiri moto ukawaka. Na hao wapelelezi wametolewa Deer Island, kisiwa cha baridi bandarini Boston ambako serikali iliwarundika wenyeji Wakristo kwa kuwashuku tu, wengi wakafa huko kwa njaa.

msomaji_usiku
Dah, hilo la kisiwa sikulijua kabisa. Na hao wavamizi walikuwa na ugomvi gani na Lancaster hasa?

Bi Mwanaidi
Ni majirani hao. Sholan, mkuu wa Wanashaway, kabila la wenyeji wa pale, ndiye aliyewauzia Waingereza ardhi ile 1643, walikuwa wanafanya biashara pamoja, lakini walowezi wakazidi kuongezeka na wenyeji wakazidi kubanwa. Monoco aliyeongoza uvamizi alikuwa Mnashaway, ina maana kila njia ya pale anaijua. Septemba 1676 Waingereza wakamnyonga Boston. Mimi nawahurumia wa pande zote mbili, maana hata hao wa kwenye barua wanasema kuondoka kunawahuzunisha, ila bora waokoe roho kuliko kupoteza roho na mali.