Fundi mitambo kabonyeza kifungo cha kukata besi, kisha kauliza mbona gitaa halina besi!

Nyuzi Nne:

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Jina la huyo fundi mitambo silitaji. Mnamjua. Kila aliyepanda jukwaani na gitaa la besi ameshapita mikononi mwake, na wengine bado wanauguza.

Nafika ukumbini kupiga, amplifaya ya besi haipo. Sawa, hakuna aliyekufa. Spika kubwa zipo, sabu (spika za sauti za chini) za inchi 18 zipo mbili, besi inapita humo vizuri tu. Kinachotakiwa ni kiboksi cha DI, kile cha kuunganisha gitaa na mixa. Kimoja! Jibu la fundi: "Chomeka tu." Jeki ya gitaa ikaingia moja kwa moja kwenye tundu la laini la mixa, kebo mita 15. Kisha akabonyeza kile kifungo cha kukata sauti za chini ya Hz 100. Kisha, mbele ya bendi nzima na watu wanaoingia ukumbini: "Mbona gitaa lako halina besi?"

MBONA. GITAA. LAKO. HALINA. BESI.

Uzi wa E ukipigwa wazi unatoa Hz 41. A ni 55. D ni 73. G ni 98. Nyuzi zote nne ziko chini ya Hz 100! Kaziua zote kwa kidole kimoja halafu anaulizia marehemu yuko wapi. Kifungo kile ni cha maiki za waimbaji, kuondoa vishindo vya miguu na pumzi.

Na juu nako hakukusalimika. Pikapu za pasivu, zisizo na betri, zinataka kuingia mahali penye impedansi (ukinzani wa umeme) ya megaohmu 1 hivi. Tundu la laini la mixa nyingi lina kiloohmu 10 au zaidi kidogo. Pikapu inalemewa, nguvu inashuka, ung'avu unakufa. Kebo ya gitaa nayo ikizidi mita 6 inazidi kula sauti za juu na kuokota mvumo wa umeme. Kwa hiyo chini kakata yeye, juu imekata mixa, kilichobaki ni mbu ndani ya chupa. Na bado anauliza mbona halina besi!

DI ingemaliza yote: inapokea gitaa kwa impedansi kubwa, inatoa ndogo kwa XLR (kebo ya maiki), unavuta kebo hata mita 50. Lakini wapi. Mbona gitaa lako halina besi. Nitakufa na hii sentensi.

Kebo Fupi:

"Anaulizia marehemu" 😂😂 Nimevuta kiti, endeleeni.

Sauti ya Chini:

Pole mkuu, ila betri uliikagua? Gitaa aktivu lina preampu yake (kikuza sauti cha ndani) ya betri ya volti 9, linaingia laini bila DI na halilemewi sana. Shida yenu mnaacha jeki imechomekwa usiku kucha, na jeki ndiyo swichi. Betri inakwisha, sauti inakwaruza, fundi analaumiwa.

Nyuzi Nne:

Ni PASIVU! Halina betri! Na hata lingekuwa na betri kumi, kifungo cha Hz 100 kingebaki kimebonyezwa pale pale.

Sauti ya Chini:

Kwa hiyo betri hukukagua.

Mzee wa Mixa:

Huyo jamaa simtetei, ila na nyinyi wapiga besi mna yenu. Mnachomoa jeki chaneli ikiwa wazi. Ule mlipuko unaweza kung'oa koni ya sabu. Kuna anayeomba azimiwe kwanza? Hakuna.

Anayetaka kujifunza: gitaa pasivu lipe DI aktivu. Zima chaneli, washa volti 48 za mixa zinazoendesha DI, subiri sekunde chache, fungua. Ukisikia mvumo, bonyeza swichi ya kutenganisha ethi kwenye DI yenyewe. Usikate waya wa ethi kwenye plagi ya umeme, hiyo inaua mtu. Geini (nguvu ya sauti inayoingia) ipande hadi mapigo makali yafike karibu desibeli -12 kwenye mixa ya dijitali. Kompresa (inayobana sauti ikizidi) iwe 4:1, ichelewe milisekunde 30 hivi ili mguso wa kidole upite kabla haijabana. Punguza kidogo Hz 250 panapovimba, ongeza 800 ili noti zisikike hata kwenye spika ndogo. Kukata chini weka Hz 30, kulinda sabu. Si mia!

Na mpe monita yake (spika ya kujisikia jukwaani). Bila amplifaya mgongoni, mpiga besi anasikia tope la ukumbi tu, kwa kuchelewa, na anaanza kubaki nyuma ya ngoma.

Binti Fa:

Kaka zangu mnalia sana. Mpiga besi James Jamerson pale studio za Motown, Detroit, miaka ya 1960, besi yake iliingia kwenye mixa kwa DI, na dunia nzima inaiga mpaka leo. Labda amplifaya siyo inayokosekana. Labda ni vidole.

Nyuzi Nne:

Dada, KWA DI! Umeitaja mwenyewe! Na hakuna aliyemuuliza Jamerson mbona gitaa lake halina besi!

Mkono Mmoja:

Kero ya kweli ni mpiga kinanda na mkono wake wa kushoto. Besi iko kwenye Hz 60, na yeye kashuka huko huko na oktava mbili za piano. Sabu hazijui zimsikilize nani. Sogea juu baba, huko kuna wenyewe.

Kebo Fupi:

Huyo kwetu tulimkata Hz 150 kwenye chaneli yake kimyakimya. Hajajua hadi leo.

Nyuzi Nne:

Wakuu, turudi kwenye mada. Kifungo cha Hz 100…

Binti Fa:

Hivi kinanda chenye matundu mawili, kama DI imebaki moja, nachomeka kushoto au kulia?

Mzee wa Mixa:

Kushoto, mara nyingi pameandikwa mono. Ukichomeka kulia peke yake unapata nusu ya piano.

Mkono Mmoja:

Mpeni kulia. Ikiwezekana mnyimeni zote mbili.