Hivi kwenye Hero stelingi ni nani: Jet Li au mfalme?

Baharia84 (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimeirudia Hero ya Zhang Yimou, ile ya 2002. Kwa waliosahau: Jet Li, mtu asiye na jina, anaingia ikulu ya mfalme wa Qin akidai amewamaliza wauaji watatu waliokuwa wanamwinda mfalme. Kila silaha ya marehemu anayoileta inamsogeza karibu na kiti, mpaka zinabaki hatua kumi. Mfalme si mjinga, anaustukia uongo. Mwisho jamaa anapata nafasi ya kuua, anaacha, anatoka nje, anamiminiwa mishale kama mvua. Mfalme anabaki na China yake.

Wachambuzi wa Magharibi waliishambulia. J. Hoberman wa gazeti la Village Voice aliandika kwamba inanukia ufashisti. Mimi nakataa. Falme saba zimechinjana vizazi na vizazi, mtu anasema basi, bora mmoja atawale damu ikome. Huo ni udikteta au ni uchovu wa vita?

Wengi wanaoiponda waliiona kibanda umiza, vile vibanda vya video, kwa tafsiri ya uongo. Karibuni, hoja kwa hoja.

Ngoja Waje
Ngoja waje.

Chizi Kanzu
Mkuu, mengine nakuachia, ila hapo kwenye kibanda umenigusa. Sisi wengine bila kibanda tusingemjua Jet Li wala Donnie Yen. Wewe ulikuwa na deki nyumbani, hongera.

Tena mimi Hero niliionea kibandani. Stelingi alipochomwa mishale pale getini watu walisimama wakidai hela yao. Stelingi hafi! Hiyo ni sheria, mtoto wa darasa la pili anaijua. Mtafsiri akaona benchi zinaanza kuruka, akatangaza kwenye spika kwamba jamaa ndani kavaa fulana ya chuma, tutamwona kwenye muvi ya pili. Tukatoka kwa amani. Wewe na maandishi yako ya chini ungetutuliza?

Mwalimu Sumni
Chizi Kanzu umeniua mbavu, lakini bila kujua umeshika penyewe. Wale wa benchi walikuwa wachambuzi kuliko sisi. Filamu inaitwa Shujaa, shujaa anakufa, na anayebaki kwenye kiti ndiye kamera inamwinamia. Swali la uzi limejibiwa kibandani.

Tuongeze historia kidogo. Kisa cha asili ni cha Jing Ke, mwaka 227 KK, kimo kwenye kitabu cha Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China. Jing Ke alificha jambia ndani ya ramani iliyoviringishwa. Mfalme alikimbia kuzunguka nguzo, upanga wake mrefu umekataa kutoka alani, mpaka tabibu wa ikulu akamrushia muuaji mfuko wa dawa. Humo hakuna muuaji aliyeelewa maono ya mkubwa. Kuna mtu aliyeshindwa na mfalme aliyekimbia. Zhang Yimou kakichukua kisa hicho, muuaji anaghairi kwa hiari na mfalme hakimbii.

Halafu kuna pale mfalme anapoambiwa neno "upanga" linaandikwa kwa namna 19. Anasema ni usumbufu, akimaliza vita atazifuta zote ibaki moja. Filamu inapita hapo kama inataja bei ya nyanya. Huyu ndiye mwaka 213 KK aliamuru vitabu vichomwe, na mwaka uliofuata, kwa maandishi ya Sima Qian huyohuyo, wasomi zaidi ya 460 walizikwa hai. Upanga mmoja, mwandiko mmoja, kama Waingereza walivyokaa na kuchagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu.

Kijana wa Mvita
Hapo mwisho, Mwalimu, usipite mbio. "Walivyokaa na kuchagua Kiunguja", na ikawaje? Walikaa kwetu Mombasa, mwaka 1928, wakaamua ndani ya mji wa mshairi Muyaka kwamba lugha ya Muyaka si sanifu. Miaka miwili baadaye ikaundwa kamati ya kulinda uamuzi. Mimi nyumbani nasema nti, mtanga, mato, na skuli nilichapwa kwa maneno ya nyanya yangu. Kwa hivyo ile sehemu ya namna 19 mimi niliielewa bila kusoma Sima Qian.

Binti Pemba
Kijana wa Mvita pole ndugu yangu, lakini usitubebeshe sisi. Nani kakwambia kilichochaguliwa ni cha visiwani? Kilikuwa cha mjini Unguja. Sisi Pemba tukifika mjini tunachekwa mpaka leo, tena kwa Kiswahili.

Baharia84
Jamani. Nimeuliza habari za Hero.

Mwalimu, unasema mfalme katukuzwa. Mbona hujataja kwamba Zhang Yimou mwenyewe kashafungiwa filamu na serikali yao? To Live ya 1994 ilipigwa marufuku kwao. Mtu aliyefungiwa anaisifia vipi serikali? Na Wamarekani hao wanaolia ufashisti, kampuni ya Miramax iliikalia filamu mpaka Agosti 2004, ilipotoka ikashika namba moja na kukusanya zaidi ya dola milioni 50 huko kwao. Wakosoaji walikuwa wachache, watu walijaza kumbi.

Mwalimu Sumni
Baharia, kumbi zikijaa ndiyo hoja imeshinda? Kibanda cha Chizi Kanzu nacho kilijaa.

Na huo mfano wa kufungiwa unakuumiza wewe. Aliyefungiwa 1994, uzinduzi wa Hero ulifanyika Ukumbi Mkuu wa Umma, Beijing, na mwaka 2008 yeye ndiye aliyeandaa ufunguzi wa Olimpiki. Nani alibadilika katikati hapo?

Baharia84
Kwa hiyo mtu akiitwa kufanya kazi ya taifa tayari ni kibaraka. Mwalimu, wewe mshahara wako unalipwa na nani?

Mwalimu Sumni
Na serikali. Na huchelewa. Endelea na hoja.

Mvuvi wa Dunga
Mimi nilikuja kwa sababu ya Oscar. Hii Hero si ndiyo ilishindwa na Crouching Tiger?

Binti Pemba
Hapana. Crouching Tiger ilishinda 2001. Hero iliteuliwa 2003 ikashindwa na filamu ya Kijerumani, Nowhere in Africa, ile ya familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi ikaishi shambani Kenya. Kiswahili kimo humo.

Mvuvi wa Dunga
Weee! Owuor! Mpishi! Sidede Onyulo alicheza hapo, Mungu amrehemu. Kwa hivyo Jet Li na Tony Leung na Maggie Cheung wote pamoja walipigwa na Kiswahili cha jikoni? Nimelala vizuri leo.

Kijana wa Mvita
Kiswahili cha jikoni, umesema mwenyewe. Kikifika Oscar ni kwa mdomo wa mpishi.

Mvuvi wa Dunga
Bwana, mpishi ni kazi. Na bila Owuor wale Wajerumani wangekufa njaa wiki ya kwanza. Wewe kila kitu ni 1928.

Binti Pemba
Turudi. Kuna jambo hakuna aliyeligusa na ndilo linalobeba filamu yote. Tony Leung, anayecheza Upanga Uliovunjika, anamwandikia Jet Li maneno mawili ya Kichina mchangani: tianxia. Hayo ndiyo yaliyomrudisha nyuma. Neno kwa neno ni "chini ya mbingu", yaani kila kilicho chini ya mbingu. Toleo la Marekani likaandika "nchi yetu". Wallahi hizi ni filamu mbili tofauti. Ukisema nchi yetu, huyu ni mzalendo anayekufa kwa ajili ya bendera. Ukisema chini ya mbingu, unaweza kumsikia mtu anayewaza walimwengu wote, au mfalme asiyeona mpaka wa kumsimamisha. Ya pili inanitisha zaidi.

Baharia, uliyewacheka wa kibandani kwa tafsiri ya uongo, wewe ulisoma lipi?

Baharia84
"Nchi yetu."

Chizi Kanzu
😂😂😂 Kumbe na wewe ulikuwa kibandani, ila chako kilikuwa na kiyoyozi.

Baharia84
Neno moja halibadilishi filamu. Rangi zile, pambano la Maggie Cheung na Zhang Ziyi kwenye majani ya manjano mpaka yakageuka mekundu, ziwa la Jiuzhaigou, hakuna aliyezitaja. Christopher Doyle kapiga picha kama ndoto, mnakaa kubishana maandishi ya chini.

Mwalimu Sumni
Ndiyo maana inatisha, kaka. Ingekuwa mbaya kwa macho tusingekuwa hapa miaka yote hii.

Kijana wa Mvita
Kwetu ingekuwa "tini ya mbingu", na angeliandika kwenye mtanga. Natoa taarifa tu.

Baharia84
Wasimamizi, uzi umetekwa. Hamisheni kule Jukwaa la Lugha.

Chizi Kanzu
Msiufunge. Jana usiku nimeitafuta nikaiangalia kimya, bila mtafsiri, nasoma maandishi kidogokidogo. Kuna kitu sikukiona siku ile.

Jet Li keshaghairi, anashuka ngazi. Mfalme hataki kumuua, inaonekana kabisa. Wanakuja wale wa mavazi meusi, mamia, wanamzunguka, wanamuuliza kwa sauti moja: auawe? Wanamkumbushia sheria yake mwenyewe. Yeye kanyamaza, wanauliza tena. Ndipo amri inatoka na mishale inaruka. Baadaye Jet Li anazikwa kwa heshima za shujaa.

Mwalimu anasema stelingi ni mfalme. Pale kwenye ngazi sikumwona stelingi. Wale weusi walikuwa wanamsukuma kama konda anavyojaza daladala.

Mwalimu Sumni
Hilo silikubali lote, maana sheria aliitunga nani? Lakini nitairudia sehemu hiyo. Na kibandani, pale walipokuwa wanamzunguka wanaimba, mtafsiri alisemaje?

Chizi Kanzu
Alisema wanadai mshahara.